Mwili unanigomea, nyumbani wanasema nadeka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Ihumwa hapa Dodoma. Kazi yangu ni mama lishe. Nawapikia mafundi na vibarua wa majengo ya upande wa Mtumba. Kazi naipenda, wateja ninao, na wengi wanakula kwa daftari wanalipa Jumamosi.

Naamka saa tisa na nusu usiku. Nabandika maharage, nakanda unga wa chapati, kukipambazuka nawahi soko la Job Ndugai kuchukua nyanya, mboga na nyama. Saa mbili watu wanakunywa chai, saa saba wanakula mchana, na saa kumi ndiyo namaliza kuosha vyombo. Tangu mwaka jana nimeongeza maandazi ya jioni, nakaanga barabarani karibu na nyumbani mpaka saa tatu usiku. Faida yake ni kama elfu nne kwa siku. Kulala ni saa tano.

Nimeongeza hiyo kazi kwa sababu ya mkopo. Nilichukua hii mikopo ya kausha damu, ya riba kubwa, nikamlipia ada mtoto wa kwanza aliyekwenda chuo cha ufundi na nikaezeka banda langu la biashara. Rejesho ni kila Jumanne, na ukichelewa wanakuja kukaa mlangoni, majirani wote wanaona.

Sasa mwili umeanza kunigomea. Ikifika saa tano asubuhi kichwa kinaanza kugonga. Nikiinama kwenye sufuria nikanyanyuka, naona nyota. Nikibeba ndoo ya maji hatua chache moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa. Jioni miguu inajaa, viatu vinabana. Asubuhi naamka nimechoka kama sikulala. Hata hedhi imebadilika, inatoka nyingi na inafika siku ya saba au ya nane.

Najikaza kisabuni. Asubuhi nameza diklofenaki mbili, mchana nikizidiwa naongeza nyingine, na nakunywa enaji mbili za elfu moja moja, ya asubuhi na ya saa kumi jioni kabla sijaanza maandazi. Vidonge navyo vinakula kama mia tano kwa siku. Maji sinywi mengi kwa sababu choo ni kile cha vibarua, ni mbali na hakina hata komeo, kwa hiyo nabana mpaka nirudi nyumbani.

Wiki iliyopita nilikuwa nasonga ugali, macho yakaingia giza, mwiko ukanitoka mkononi. Vijana wakanikalisha kwenye ndoo wakanipa soda. Baada ya muda nikainuka nikaendelea kupakua. Nilipomwambia baba watoto akasema nimeanza kudeka, wanawake wenzangu wanabeba zege. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Mvumi, akasema wao walilima uwele na mtoto mgongoni, wakarudi kutwanga, na hakuna aliyelalamika. Nimeanza kuamini kwamba mimi ni goigoi.

Shangazi, nitajuaje kama huu ni uvivu au ni mwili kweli? Na nikipumzika, rejesho atalipa nani?

Mama Lishe, Ihumwa

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, nenda ukapime. Nenda wiki hii, hata ikibidi siku moja ufunge banda mapema, wala usisubiri Jumanne ipite. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe kitatosha kwa kuanzia. Omba wakupime presha, wingi wa damu, sukari na mkojo, na kipimo cha mimba pia, kwa sababu mwanamke wa umri wako akipata kizunguzungu hicho nacho huulizwa. Mweleze mhudumu habari ya hedhi na habari ya vidonge, vyote, bila kupunguza idadi. Wengi tukifika kule tunasema "nameza panado mara moja moja", na mhudumu anafanya kazi gizani.

Ukiona kifua kinabana, mdomo kwenda upande, mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, choo kikubwa cheusi kama lami, au ukazimia, hapo hakuna cha kituo wala kesho asubuhi. Unapelekwa hospitali saa ileile.

Sasa swali lako la uvivu. Mtu anayeamka saa tisa na nusu usiku kuwapikia watu hawezi kukaa kwenye neno goigoi, kwa hiyo hilo liweke pembeni. Jiulize hivi: ukipumzika, uchovu unaondoka? Uchovu wa kazi hukimbizwa na usingizi na chakula. Unalala, unaamka una mwili mwepesi, unaanza tena. Wewe unaamka umechoka, ndoo ya hatua chache inakupeleka mbio, na macho yameshaingia giza mbele ya moto. Huko ni mwili kufika mwisho wa akiba yake. Na saa zako za kulala nimezihesabu: kutoka saa tano hadi saa tisa na nusu ni saa nne na nusu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Hata bila ugonjwa wowote, kwa usingizi huo ungechoka tu.

Nitakwambia ninachokihofia zaidi, ingawa jibu lenyewe litatoka kwenye kipimo. Nyota machoni ukinyanyuka, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, uchovu usioisha, na hedhi nyingi ya siku saba au nane: hizo zikikutana, kinachoshukiwa kwanza ni upungufu wa damu. Damu ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kuipeleka kwenye misuli na ubongo. Ikipungua, moyo unalazimika kusukuma haraka ili kidogo kilichopo kiwafikie wote. Ndiyo mbio unazozisikia. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kipimo kikisoma chini ya 12 tayari ni upungufu. Lakini usiende dukani kununua vidonge vya damu ukaridhika. Hedhi iliyobadilika ina sababu yake, inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, inaweza kuwa homoni, na damu itaendelea kumwagika huku wewe unajaza. Mwombe mhudumu akuambie wapi ukaangaliwe kizazi.

Kichwa cha saa tano asubuhi nina mashaka nacho ya namna tatu. La kwanza ni maji. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa kuanzia Juni upepo unapokuwa mkali, na jasho linakauka juu ya ngozi kabla hujaliona. Mtu wa Dar es Salaam analowa shati, anajua ametoka jasho. Wewe umesimama mbele ya moto tangu usiku, nguo ni kavu, unadhani hujapoteza kitu. Angalia mkojo wako. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unadai maji tangu zamani, na kiu huwa inachelewa kusema.

La pili ni moshi. Umesema umeezeka banda. Je, uliziba na kuta? Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Dalili zake ni hizohizo: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu. Kwa mtu ambaye damu yake imeshapungua, madhara yanakuja haraka zaidi. Jipime mwenyewe: kichwa kikianza, toka ukakae nje upande upepo unakotoka. Kikipoa ukiwa nje na kikarudi ukiingia, mshtakiwa ni jiko. Ondoa kuta za pande mbili zinazotazamana upepo upite, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba mnacholala hata siku ya baridi ya mwezi wa saba.

La tatu ni njaa, na hapa naomba unijibu kwa ukweli. Unakula saa ngapi? Nimewaona mama lishe wengi wakiwapakulia watu sahani hadi ya mwisho, kisha saa kumi jioni wamesimama na kijiko wanakwangua ukoko wa wali, na hicho ndicho chakula cha siku. Jipakulie kabla ya mteja wa kwanza wa mchana, ukae, ule. Jiwekee maharage, mboga za majani, dagaa, na maini siku yanapopatikana. Chai iwe mbali na chakula, angalau saa nzima, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Badala yake shushia na juisi ya ubuyu. Ubuyu tunao tele mkoa huu, una vitamini C nyingi, na vitamini C inausaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga.

Kwenye vidonge sitakubembeleza. Diklofenaki ya kila siku acha leo. Inachubua tumbo mpaka linatoa damu kidogokidogo bila wewe kujua, inapandisha presha, na inaufanya mwili ushikilie chumvi na maji, kwa hiyo hata miguu inayojaa jioni inaweza kuwa na mkono wake humo. Hatari kubwa ni figo. Figo za mtu asiyekunywa maji huwa zimeshabanwa, na diklofenaki inazibana zaidi. Wewe umeviweka vyote mahali pamoja: joto la moto, kiu ya kutwa na dawa hiyo. Mwambie mhudumu akupime na figo pia, kama kipimo kipo pale. Maumivu yakizidi wakati unasubiri majibu, paracetamol ndiyo yenye nafuu, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, usirudie kabla ya saa sita, na visizidi vinane kwa siku. Ikiwa unahitaji hivyo kila siku, basi hapo ni daktari.

Enaji haikupi nguvu. Kafeini iliyomo inaziba masikio ya ubongo usisikie uchovu, na inaukimbiza moyo ambao tayari unakimbia. Ile ya saa kumi jioni bado inazunguka mwilini saa nne usiku, ndiyo maana hata hizo saa nne na nusu unazolala hazikushibishi. Usikate zote siku moja kichwa kikakupasuka. Anza kwa kuacha ya jioni, kisha wiki inayofuata ya asubuhi.

Hili la choo limeniuma kuliko yote, kwa sababu ndiko mambo mengi yalikoanzia. Mwanamke anaacha kunywa maji ili asiende haja, anabana mkojo kutwa, anapata yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapata kichwa, anameza dawa. Komeo ni kitu cha bei ndogo sana. Ongea na mama lishe wenzako wa eneo hilo, mwende pamoja kwa msimamizi wa ujenzi. Mwambieni mnawalisha watu wake, mnaomba choo kimoja kiwe na komeo na ufunguo wake ukae kwenu. Akikataa, tafuteni nyumba ya jirani mlipe kidogo kwa siku. Halafu weka chupa ya lita moja na nusu pale kwenye meza ya daftari, iwe imeisha kabla ya watu wa mchana hawajaja. Ujaze tena kwa ajili ya mchana. Kama vipimo vitaonyesha shida ya figo au moyo, kiasi hicho daktari atakirekebisha.

Kwenye hilo daftari la madeni, ukurasa wa mwisho uwe wako. Andika kwa ufupi: kichwa kimeanza saa ngapi, ulikuwa umekunywa na kula nini, umelala saa ngapi, hedhi iko siku ya ngapi na umebadilisha pedi mara ngapi. Ukimpelekea mhudumu ukurasa huo utamsaidia kuliko kumwambia "naumwa mwili mzima". Na wewe mwenyewe utaanza kuona ni saa ipi mwili unaanza kulalamika, usisubiri mpaka mwiko ukutoke mkononi.

Mama mkwe usibishane naye. Anayosema ni kweli, kazi ile aliifanya. Ila kuna jambo ambalo hakulitaja, labda kwa sababu kwake lilikuwa la kawaida mno. Ugogoni mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba hivi na kuisha Aprili. Walilima kwa nguvu, wakapalilia, wakavuna, kisha jembe likawekwa. Kiangazi kilikuwa na kazi zake, maji yalifuatwa mbali, lakini jua lilipozama watu walilala, na mwezi ulipita wa ngoma na kutembeleana. Kutwanga kulikuwa kwa zamu na wenzao. Kazi yako wewe haina kiangazi. Zege linamwagwa Januari na linamwagwa Agosti, na taa ya barabarani inakuruhusu kukaanga maandazi mpaka saa tatu. Muulize kwa upole: mama, mlipomaliza kuvuna mlikuwa mnafanya nini? Mwache asimulie. Na siku nyingine, mkiwa wawili, muulize kuhusu wanawake walioishiwa damu. Nadhani atakumbuka majina.

Tuje kwenye pesa, maana najua ndiyo inayokuamsha. Maandazi yanakupa elfu nne. Enaji mbili ni elfu mbili, vidonge mia tano. Kinachobaki ni elfu moja na mia tano kwa jioni nzima ya kusimama, na hapo sijaweka gharama ya siku utakayolazwa. Maandazi yaache. Ukiyaacha, na hizo elfu mbili na mia tano zitaacha kutoka kadiri unavyoachana na hivyo vitu, kwa hiyo pengo la kweli ni dogo kuliko ulivyodhani. Ukalale saa tatu na nusu. Na maharage yaroweke tangu jioni, yataiva upesi, utapata hata nusu saa nyingine ya usingizi.

Pengo hilo la rejesho nenda ukaliongelee kabla halijatokea. Usiende peke yako, nenda na baba watoto. Waombe wakugawie deni lililobaki kwa muda mrefu zaidi, na mkikubaliana iandikwe. Waulize pia leseni yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kama biashara awe na leseni, na mkopeshaji asiye nayo hukosa ujasiri wa kukaa mlangoni kwa mtu anayejua hivyo. Wakija kukudhalilisha, mwite mwenyekiti wa mtaa.

Kwa mbele zaidi, wewe na wenzako wa pale muungane kikundi mkaonane na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024. Si pesa ya kesho, ina fomu na kusubiri, na haitazima rejesho la Jumanne ijayo. Lakini mkopo utakaofuata usiwe tena wa kausha damu.

Kipande hiki mpe baba watoto asome. Baba, nakusemesha kwa heshima. Mkeo hajakuomba umlee, amekwambia macho yameingia giza akiwa mbele ya sufuria ya ugali unaotokota. Angeangukia humo, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Wanaobeba zege nao wanaanguka, wewe huwaoni kwa sababu hawako nyumbani kwako. Ninachokuomba ni vitu vitatu: umpeleke kupima, wewe mwenyewe, ukae naye kwenye foleni. Safari ya sokoni alfajiri iwe yako angalau siku mbili za wiki. Na uende naye kwa wakopeshaji.

Mwanangu, majibu ya wingi wa damu na presha ukiyapata niandikie namba zilivyo, tuone cha kufanya kuhusu hiyo hedhi. Diklofenaki iliyobaki kwenye mkoba irudishe kabatini leo.

Shangazi